Dau moja zaidi: Jinsi briji ilivyonifunza kusema ‘pasi’

ILIKUWA Jumanne, saa mbili unusu usiku, na vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya kisanduku cha kadi za mnada. Mbele yangu aliketi mwenzangu, mwalimu mstaafu wa hisabati ambaye kwa umri anaweza kuwa babu yangu. Kushoto na kulia walikuwa mama wawili wenye miwani ya kusomea, wapole ajabu, ambao tangu jioni ianze walikuwa wanatunyorosha bila huruma.

Tulikuwa tumefika shupaza 4, mkataba mtamu kabisa. Mama wa kulia akatabasamu, akachomoa kadi yake taratibu na kuilaza mezani: kopa 5.

Damu ikanichemka. Hawa wanataka kutupokonya tonge mdomoni! Sikufikiri hata sekunde kumi. Nikachomoa shupaza 5, nikaibwaga kwa mbwembwe. Mama wa kushoto akapita, mwenzangu akapita, kisha mama wa kulia akalaza ile kadi nyekundu yenye alama ya X. Dabo.

Dakika tano baadaye nilikuwa nimekula mizunguko 10 badala ya 11 niliyoahidi. Tukapoteza pointi 200. Kama ningetulia, tungepata 300. Pointi 500 zilienda na maji kwa sababu ya sekunde kumi za hasira.

Mwalimu hakusema neno pale mezani. Alingoja wakati wa chai, akakoroga kikombe chake, kisha akaniuliza swali moja tu: “Kijana, nani alikuambia ule mkono ulikuwa wako peke yako?”

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku ile. Makala haya ni jibu langu, na pia ni mwaliko kwako wewe ambaye ukisikia karata unawaza tu ile ‘niko kadi’ ya mtaani.

Mchezo wenyewe

Kwanza tuelewane. Kwenye kadi ya mtaani kila msee anajichezea. Unamlisha jirani yako mbili na tatu, unamruka kwa jeki, unatangaza ‘niko kadi’, unashinda, unaanza kelele. Briji si hivyo. Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako hukaa mkabala nawe. Karata zote 52 hugawanywa, kila mtu 13.

Kila mtu akitupa karata moja, mzunguko umekamilika, na karata kubwa ndiyo inayokula. Kuna mizunguko 13 kwa jumla. Ukiwa umewahi kukaa barazani Pwani ukatazama wazee wakicheza, unajua maana ya turufu: rangi iliyochaguliwa kuwa bosi, ambayo hata mbili yake inaila ree ya rangi nyingine. Kwenye briji, turufu haichaguliwi kwa bahati. Inauzwa kwa mnada.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kabla ya karata yoyote kutupwa, wachezaji hushindana kuweka dau. Anayesema ‘kopa 2’ anaahidi kwamba yeye na mwenzake watakula mizunguko 8 kopa zikiwa turufu, kwa sababu mizunguko 6 ya kwanza haihesabiwi. Kopa 4 ni mizunguko 10. Shupaza 5 ni 11. Kwa mpangilio, pau na uru ndizo za chini, kisha kopa, kisha shupaza, na juu kabisa ni mkataba usio na turufu yoyote. Dau likifuatwa na pasi tatu, mnada umefungwa na huo ndio mkataba.

Viwango ni 7 na aina ni 5, kwa hivyo madau yote ni 35. Ongeza pasi, dabo, na dabo juu ya dabo, unapata maneno 38. Hiyo ndiyo lugha nzima unayoruhusiwa kuzungumza na mwenzako. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa, hakuna kusema “mimi niko fiti na kopa”. Kwenye mashindano hata sauti haitumiki. Unachomoa kadi ya dau kutoka kwenye kisanduku na kuilaza mezani.

Aina hii ya briji ina umri wa karibu miaka 100. Mwaka wa 1925, tajiri Mmarekani Harold Vanderbilt akiwa safarini kwenye meli ya SS Finland kupitia Mfereji wa Panama, alipanga upya namna ya kuhesabu pointi ili mchezaji alipwe zawadi kubwa kwa kile alichothubutu kuahidi, si kwa kubahatisha tu. Vanderbilt mwenyewe alisimulia kwamba neno linalotumika hadi leo kwa upande ulio hatarini alilipata kwa binti mmoja aliyekuwa abiria kwenye meli hiyo.

Bei ya kukosea

Sasa tuingie kwenye pesa, yaani pointi. Bila kujua bei huwezi kujua kama unanunua au unaibiwa.

Kila mzunguko wa kopa au shupaza juu ya ile 6 una pointi 30. Pau na uru ni 20. Mkataba usio na turufu unaanza na 40, kisha 30 kwa kila mzunguko unaofuata. Ukiahidi mkataba wenye thamani ya 100 au zaidi na ukautimiza, umepiga gemu na unapata zawadi ya pointi 300, au 500 ukiwa hatarini. Ukiahidi kidogo, zawadi ni 50 tu.

Nani yuko hatarini huamuliwa kabla. Imeandikwa kwenye ubao unaobeba karata. Kuwa hatarini kunamaanisha zawadi kubwa na faini kubwa. Kwa hivyo shupaza 4 ikitimia, unapata 420 ukiwa salama na 620 ukiwa hatarini.

Na ukishindwa? Bila dabo, kila mzunguko uliopungua ni faini ya 50, au 100 ukiwa hatarini. Mpinzani akikupiga dabo, mambo yanabadilika. Ukiwa salama, kupungukiwa na mmoja ni 100, wawili ni 300, watatu ni 500, wanne ni 800. Ukiwa hatarini ni 200, 500, 800 na kuendelea.

Tazama tena nambari hizo. Wapinzani wako hatarini na wanaenda kupata 620. Wewe uko salama. Ukiingilia kwa dau la juu, ukapigwa dabo na kupungukiwa na mizunguko mitatu, unalipa 500. Umeshindwa, lakini umeokoa pointi 120! Wachezaji huita hilo kafara. Mama wa kulia alipochomoa kopa 5, alikuwa anatoa kafara. Hakutarajia kutimiza chochote. Alitaka mimi nichague vibaya, na nikamfanyia kazi yake.

Kipimo cha kafara dhidi ya gemu ni rahisi kukariri. Ukiwa salama na wao wako hatarini, unaweza kumudu kupungukiwa na mizunguko mitatu. Mkiwa sawa, nyote salama au nyote hatarini, ni miwili. Ukiwa wewe pekee hatarini, ni mmoja tu. Ukizidisha hapo, unalipa zaidi ya kile ambacho wangepata wenyewe.

Hesabu ya Mfaransa

Swali kubwa la mnada wa ushindani ni hili: wao wamepanda, sisi tumepanda, sasa niongeze au niache? Kwa miaka mingi watu walijibu kwa hisia. Kisha akaja Mfaransa Jean-René Vernes, ambaye mwaka wa 1969 alichapisha hoja yake katika jarida la The Bridge World la Marekani. Mmarekani Larry Cohen akaisambaza kwa kitabu chake To Bid or Not to Bid cha 1992, na leo hii karibu kila mchezaji wa mashindano anaijua.

Hoja ni hii. Hesabu turufu zenu bora, wewe na mwenzako. Kisha hesabu turufu bora za wapinzani. Zijumlishe. Jumla hiyo inakaribiana sana na jumla ya mizunguko ambayo nyinyi mngekula mkicheza turufu yenu, ukiongeza ile ambayo wao wangekula wakicheza yao.

Chukua mfano. Nyinyi mna shupaza 8, wao wana kopa 8. Jumla ni 16. Wao wakiweza kula mizunguko 8 kwa kopa, nyinyi pia mna uwezekano mkubwa wa kula 8 kwa shupaza. Kwa hivyo wakisimama kopa 2, usiwaachie! Panda shupaza 2. Badala ya kuwapa 110, unachukua 110 wewe.

Kutokana na hapo ikazaliwa kanuni ambayo ni rahisi hata kwa mgeni: shindana hadi idadi ya turufu zenu. Mna 8, nenda hadi kiwango cha 2, yaani mizunguko 8. Mna 9, nenda hadi kiwango cha 3. Mna 10, ruka hadi 4 bila kuomba ruhusa.

Lakini hii si sheria ya mwendo wa dunia kulizunguka jua. Mwaka wa 2004 Mike Lawrence na Anders Wirgren waliandika kitabu kizima kuipinga, wakisema umbo la mikono na mahali zilipo karata kubwa ni muhimu zaidi. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo hukosea kwa mzunguko mmoja mara nyingi. Ukiwa na malkia na jeki za rangi ya wapinzani, jumla hushuka. Mkiwa na rangi mbili ndefu zinazolingana na za mwenzako, hupanda. Ichukue kama ramani. Macho ya barabarani bado ni yako.

Turudi kwenye kosa langu

Sasa nikuonyeshe mkono wangu wa ile Jumanne. Nilikuwa na shupaza ree, malkia, jeki, 7 na 4. Kopa 8 na 5. Uru mfalme, jeki na 6. Pau ree, 9 na 3. Sisi tulikuwa hatarini, wao walikuwa salama.

Nilifungua kwa shupaza 1. Mama wa kushoto akaingilia kwa kopa 2. Mwalimu akaruka shupaza 3, kunialika nifike gemu nikiwa na nguvu. Mama wa kulia akasema kopa 4. Mimi shupaza 4. Pasi, pasi, halafu ikaja ile kopa 5.

Ningefanya hesabu ingekuwa hivi. Nina shupaza 5, na mwenzangu kwa kuruka vile ameniahidi 4. Zetu ni 9. Wao wamefika kopa 5, basi nikadirie wana kopa 10. Jumla 19. Hapo kuna hali tatu.

Hali ya kwanza: sisi tunaweza kula 11 kwa shupaza. Basi wao wanakula 8 kwa kopa. Nikicheza shupaza 5 napata 650. Nikiwapiga dabo, wanapungukiwa na mizunguko mitatu na kunilipa 500. Kupanda kumeniletea faida ya 150.

Hali ya pili: sisi tunakula 10. Wao wanakula 9. Nikicheza shupaza 5 napigwa dabo na kulipa 200. Nikiwapiga dabo, wanapungukiwa na miwili na kunilipa 300. Kupanda kumenigharimu 500.

Hali ya tatu: wao wanatimiza 11 zao. Sisi basi tunakula 8 tu. Kuwapiga dabo kunanigharimu 650, lakini kucheza shupaza 5 kwa dabo kunanigharimu 800. Hata hapa, kupanda ni hasara.

Umeona? Hali moja kati ya tatu ndiyo inayonipa sababu ya kupanda, tena kwa faida ndogo. Hali mbili zinanimaliza. Na hata nisingefanya hesabu hiyo, mkono wangu wenyewe ulikuwa unapiga kelele: kopa mbili dhaifu ambazo si fupi za kutosha, umbo bapa lisilo na rangi ndefu ya pili, na ree mbili ambazo ni silaha nzuri za kujilinda. Mwalimu alikuwa na kopa moja tu, shupaza nne zenye mfalme, mfalme wa pau na malkia wa uru. Tungewala mizunguko minne bila jasho: mmoja wa shupaza, mmoja wa uru, miwili ya pau.

Wachezaji wa zamani wana msemo kwamba kiwango cha 5 ni cha wapinzani. Maana yake: ukiwasukuma hadi huko, umeshafanya kazi yako. Waache wahangaike nacho.

Mambo ya kubeba mezani

Baada ya aibu ile, nilianza kuandika kwenye simu kila uamuzi wa mnada uliotuumiza. Baada ya miezi kadhaa orodha ilikuwa ndefu, lakini makosa yalikuwa yaleyale. Haya ndiyo niliyoyatoa humo.

Panda mapema, si polepole. Mwenzako amefungua kopa 1 akiahidi kopa 5. Wewe una kopa 5 na mkono dhaifu. Mna turufu 10. Ruka moja kwa moja hadi kopa 4. Ukisema 2, kisha 3, kisha 4, umewapa wapinzani nafasi ya kupiga stori na kuelewana. Ukiruka, mpinzani anayefuata analazimika kuamua akiwa gizani katika kiwango cha juu.

Usiseme jambo moja mara mbili. Ukishafungua kwa dau la kuziba njia, kama uru 3 ukiwa na uru 7 na pointi chache, kazi yako imekwisha. Umeshamweleza mwenzako kila kitu. Kuanzia hapo yeye ndiye nahodha. Wanaoanza, nikiwemo mimi, huwa wanashikwa na mzuka na kuongeza tena. Huko ni kumnyang’anya mwenzako usukani.

Angalia karata kubwa zako zimekaa wapi. Katika briji ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1; jumla ya karata zote ni 40. Lakini mfalme na jeki za rangi ya wapinzani zitakusaidia kujilinda tu, hazitakusaidia kushambulia. Mfalme na jeki za rangi yako ndizo zinazokubeba ukicheza mkataba wako. Pointi zikiwa nyingi upande wao, wapige dabo au upite. Zikiwa upande wako na una karata moja au huna kabisa ya rangi yao, ongeza.

Usiwaachie bei ya chini. Wapinzani wakisimama kopa 2 na zamu ni yako ya mwisho, piga hesabu. Kama wao wawili wangekuwa na nguvu nyingi wangeendelea. Wamesimama, basi huenda wana pointi 20 hivi, na nyinyi mna 20 zilizobaki. Hata kama una 8 tu, zilizosalia ziko kwa mwenzako. Ingia, au piga ile dabo ya kumwomba mwenzako achague rangi. Mara nyingi watapanda kopa 3 na kuanguka.

Usiogope kupiga dabo, lakini jua kwa nini. Wale ambao hawajawahi kukosea dabo, yaani mpinzani hajawahi kutimiza mkataba waliompiga dabo, hawapigi dabo za kutosha. Wakitoa kafara na ukawaachia bila dabo, mizunguko miwili ni 100 badala ya 300. Umewapa punguzo la bei kwenye duka lako mwenyewe.

Fikiria kabla, si baadaye. Hili ni la heshima. Ukisita nusu dakika kisha ukapita, kila mtu mezani amejua ulikuwa na shida, na mwenzako haruhusiwi na kanuni kutumia habari hiyo. Umemfunga mikono. Kwa hivyo, wakati mpinzani bado anawaza, wewe jiulize: akisema kopa 5 nitafanya nini? Jibu liwe tayari kabla swali halijaulizwa.

Pasi yenye maana

Sasa tulifikie swali la Mwalimu. Nani aliniambia mkono ule ulikuwa wangu peke yangu?

Kwenye briji kuna pasi ya aina yake. Upande wenu ukiwa umefika gemu kwa nguvu zenu, na wapinzani wakaingilia kwa dau ambalo wazi ni kafara, haiwezekani muwaachie wacheze bila dabo. Kila mtu mezani anajua hivyo. Kwa hivyo mchezaji wa kwanza kati yenu akipita, pasi yake haimaanishi “nimechoka”. Inamaanisha: “Mimi siwezi kuamua, amua wewe.” Mwenzake lazima apige dabo au apande.

Ukipiga dabo mwenyewe, unasema: “Tusiende mbele, mkono wangu ni wa kujilinda.” Ukipanda, unasema: “Nina hakika.” Mimi nilisema nina hakika wakati sikuwa na hakika. Nilikuwa na hasira tu.

Somo hilo halikuhitaji karata kwa kweli. Fikiria mara ngapi umejibu kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kusoma hadi mwisho. Mara ngapi umepandisha bei ya kitu Gikomba kwa sababu jamaa mwingine pia alikishika, hata kama hukukitaka sana. Anayeshindana nawe akikupandisha hasira, tayari ameamua bei utakayolipa.

Unaanzia wapi

Wengi hudhani briji ni ya wazee wa klabu za kifahari. Ni kweli utakuta mvi nyingi mezani. Lakini Shirikisho la Briji Duniani, lililoundwa 1958, huandaa mashindano ya dunia ya vijana yenye makundi ya umri tofauti. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho hilo 1999, na briji ikachezwa katika Michezo ya Asia ya 2018 mjini Jakarta. Huko Pranab Bardhan na Shibhnath Sarkar wa India walishinda dhahabu wakiwa na miaka 60 na 56. Ni mchezo gani mwingine unaokupa muda mrefu hivyo?

Afrika pia haiko nyuma. Mwigizaji Omar Sharif wa Misri aliichezea nchi yake katika mashindano ya dunia ya mwaka wa 1964, na kwa miaka mingi aliandika kuhusu mchezo huu magazetini. Kenya ina chama chake cha briji. Mabilionea Bill Gates na Warren Buffett nao wanajulikana kwa kuupenda.

Kama una simu na bando, unaweza kuanza leo usiku. Jukwaa la Bridge Base Online, lililoanza 2001, hukuruhusu kucheza bure na watu wa nchi mbalimbali au na roboti ambazo hazikasiriki ukiharibu. Anza na roboti. Jifunze kuhesabu pointi, kisha jifunze kuhesabu turufu. Ukizoea, tafuta mwenzako wa kudumu. Huyo ndiye atakayekufunza mengi, kwa sababu briji ni mchezo ambao huwezi kushinda ukimdharau aliyekaa mbele yako.

Na katika mashindano huwezi kulaumu karata. Mikono ileile unayocheza wewe hubebwa kwenye ubao na kuchezwa kwenye meza nyingine, kisha pointi zinalinganishwa. Mtu mwingine alishika zile karata zangu 13 usiku ule ule. Akawapiga dabo, akapata 300. Nilisoma kwenye karatasi ya matokeo nikiwa nimesimama mlangoni na koti mkononi.

Wiki kadhaa baadaye tulikutana tena na wale mama wawili. Safari hii sisi tulikuwa kopa 4. Mama wa kulia, kwa tabasamu lilelile, akachomoa uru 5.

Mkono wangu ulikuwa wa katikati, haukuwa wa kupanda wala wa dabo. Nikavuta pumzi. Nikachukua kadi ya kijani ya pasi, nikailaza taratibu. Mama wa kushoto akapita. Mwalimu akatazama karata zake, akanitazama mimi, akachomoa kopa 5.

Hakuwa na uru hata moja. Nilicheza mkataba huo mimi, nikala mizunguko 11 kamili.

Wakati wa chai Mwalimu alikoroga kikombe chake kama kawaida. “Nani aliamua mkono ule?” akaniuliza.

“Wewe, Mwalimu.”

“La,” akasema. “Uliamua wewe, ulipopita.”